Mahali Alipozaliwa Baba

Tusekile Mwakibinga alijaza fomu ya pasipoti yote kwa wino wa bluu, isipokuwa mstari mmoja. Mstari ule uliuliza mahali alipozaliwa baba.

Ulikuwa mwaka 1995. Zamani pasipoti ilikuwa kitu cha wakubwa na watoto wao. Mwalimu wa darasa la kwanza kutoka Masoko hakuwa na sababu ya kujua hata rangi yake. Lakini mambo yalikuwa yamefunguliwa. Kahawa iliyonunuliwa na ushirika peke yake miaka yote sasa iligombewa na wanunuzi binafsi wenye pikapu mpya, na kanisa lilikuwa limepata marafiki Ulaya waliotaka walimu wawili waende kusoma miezi sita namna ya kufundisha watoto wadogo. Mchungaji alimchagua Tusekile. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaolewa, na mwandiko wake ubaoni ulisifiwa hata na wakaguzi.

Baba yake, mzee Ezron, alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Tata, hapa wanataka mahali ulipozaliwa."

"Andika Masoko," alisema mzee bila kuinua uso.

"Kijiji gani?"

"Wewe hukijui kijiji chako?"

Akaandika, akakunja fomu, na kesho yake akaipeleka Tukuyu mjini.

Afisa wa uhamiaji aliyeipokea aliitwa Lazaro, kijana wa Mbeya mwenye sauti ya chini na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono. Aliisoma fomu mpaka mwisho, akauliza cheti cha kuzaliwa cha baba. Tusekile akamjibu kwamba wazee wa umri ule hawana vyeti.

"Najua. Basi aende mahakamani ale kiapo kwamba amezaliwa hapa. Hakimu atagonga muhuri, wewe utaniletea karatasi. Ni kazi ya dakika kumi, Mwalimu."

Dakika kumi zile zilichukua miezi minne. Mara ya kwanza mzee Ezron alisema goti linamsumbua. Mara ya pili kulikuwa na msiba kwa jirani, na kweli msiba ulikuwepo, ila siku tatu baada ya kuzika bado alikuwa anautaja. Mara ya tatu kahawa ilikuwa imeanza kuiva, nani angeiacha miti hivi hivi? Tusekile alimheshimu baba yake kupita kiasi cha kumshuku. Mzee yule alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu Tusekile hajaanza shule, mzee wa kanisa, mtu aliyeitwa kusuluhisha mipaka ya mashamba kwa sababu hakuna aliyemkumbuka akisema uongo.

Akaenda kwa shangazi Tupokigwe, dada pekee wa baba aliyebaki hai, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao. Mama yake Tusekile alikuwa ameshafariki miaka saba nyuma, kwa hiyo mambo ya ukoo yote yaliulizwa kwa shangazi.

"Shangazi, njoo uape wewe. Si wewe unajua baba alizaliwa wapi?"

Tupokigwe alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Mkono ukasimama.

"Mimi siapi."

"Lakini ni jambo dogo tu."

"Nimesema siapi, gwe mwana. Kamuulise mwenyewe Esiloni." Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kule, zeta na ra zikilainika mdomoni.

Tusekile aliondoka akidhani wamegombana wao kwa wao. Mwisho mchungaji alileta habari kwamba namba ya pasipoti isipofika kabla ya Agosti kuisha, nafasi itakwenda kwa mwalimu wa Isongole. Jioni ile Tusekile alimweleza baba yake, na mzee akatazama migomba.

"Jumanne twende," akasema.

*

Mahakama ilikuwa chumba chenye baridi ya Julai, madirisha mawili na meza tatu. Hakimu alikuwa mama wa makamo aitwaye Felista, amejifunga shali juu ya koti. Karani alikuwa ameshapiga maneno ya kiapo kwa taipu: Mimi, Ezron Mwakibinga, Mkristo na mtu mzima, naapa na kusema kwamba nilizaliwa Masoko, wilaya ya Rungwe. Ilibaki kuapa na kuweka sahihi.

"Shika Biblia mkono wa kulia, mzee, ufuatishe," karani alisema.

Mzee Ezron alivua kofia yake, akampa Tusekile amshikie. Akaishika Biblia.

"Mimi," alisema karani.

"Mimi."

"Ezron Mwakibinga."

Karani akarudia, akidhani mzee hasikii vizuri. Tusekile akaona baba yake amefumba macho. Akasogea kidogo, akiogopa labda ni moyo, labda ataanguka.

Mzee aliiweka Biblia mezani, taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Siwezi," alisema. "Mheshimiwa, mimi si Ezron."

Karani alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeelewa. Hakimu hakucheka.

"Unasemaje, mzee?"

"Ezron alikufa mwaka hamsini na mbili. Nilimfumba macho kwa mkono huu. Mimi naitwa Wilson Mwenifumbo. Nimezaliwa ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga. Sikuzaliwa Masoko. Masoko nilikuja na miguu yangu, mtu mzima."

Tusekile alisikia kila neno, na hakuna hata moja lililoingia. Alitazama kofia ya baba yake mkononi mwake. Ndani, kwenye utepe wa ngozi, palikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya kuchomea: E.M. Alizitazama herufi zile kwa muda mrefu kama vile ndizo zilizokuwa zinasema.

Hakimu Felista alivua miwani, akamwambia karani atoke kidogo nje. Karani alipotoka, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hujaapa. Hakuna uongo ulioandikwa kwenye daftari langu leo, na karatasi hii naichana." Akaichana kweli, mara mbili. "Lakini ulichosema nimekisikia. Nenda uhamiaji mwenyewe, kwa miguu yako, kabla mtu hajakutangulia. Itakuwa nafuu kwako na kwa huyu binti."

"Ndaga, mama," alishukuru mzee.

Tusekile alimrudishia kofia yake, wakatoka.

*

Walikaa kwenye mgahawa wa Mwanaamina, mtaa wa Bagamoyo palepale Tukuyu, palipokuwa na watu wachache. Mwanaamina aliwaletea chai ya tangawizi, akatazama uso wa Tusekile, akarudi jikoni bila kuuliza kama wanataka maandazi.

"Sema," alisema Tusekile. Hakumwita Tata.

Mzee akasema. Walikuwa chumba kimoja migodini, kule Afrika Kusini, watu kumi na sita. Ezron alikuwa wa Masoko, yeye wa ng'ambo, lakini lugha yao moja. Mtu akiwasikiliza asingejua nani wa upande gani wa mto. Wakawa marafiki. Ezron alikuwa ametoka kwao na miaka kumi na sita, hajarudi tangu siku ile. Kisha akashikwa na kifua. Siku tisa. Siku ya nane alisema, sanduku langu lisipotee, mpelekee mama.

"Mkataba wangu ulipoisha nilikuja nalo. Kwetu nilipapita kwa mbali. Niliona moshi wa jikoni kwetu, Tusekile. Nikasema nipeleke kwanza mzigo wa marehemu, kisha nirudi nikapumzike kwa mama. Nilifika Masoko na sanduku kichwani. Bibi yako akatoka. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Aliligusa sanduku, akalijua, akanishika akalia, 'Ezron.' Uani pakajaa watu wanapiga vigelegele. Nikasema, nitamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho alichinja jogoo. Siku ya nne nikamwambia yote. Alinyamaza kutwa nzima. Jioni akaniletea ndizi kwenye sahani, akaiweka mbele yangu, akasema, 'Ezron, kula.'" Mzee alifuta mdomo kwa kiganja. "Nikala."

Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi ya kodi ya Ezron. Hakuna aliyeomba kingine. Wazee wachache waliokumbuka sura ya yule kijana wa miaka kumi na sita walimtazama bibi, wakaamua kunyamaza, na mmoja mmoja wakafa. Tupokigwe wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Tusekile alikuwa anafikiria mgongo wa bibi yake, kitambaa cha kaniki alicholalia utotoni, harufu yake ya moshi na mafuta ya nyonyo. Bibi aliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za kahawa. Hawakuwa na tone moja la damu pamoja.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia kabla ya posa. Alisema yeye anaolewa na mtu, haolewi na jina."

"Kwa hiyo mlijua wote. Ni mimi na mdogo wangu Amoni tu tusiojua."

Mzee aliinamia kikombe. Chai yake ilikuwa imeshika utando.

*

Waliingia kwa Lazaro mchana uleule, kwa sababu Tusekile alijua wakirudi nyumbani kwanza hawatakuja tena. Afisa aliwasikiliza, akaandika, akauliza, akaandika. Alipouliza kama mzee alipiga kura chaguzi zilizopita, mzee akajibu zote, tena yeye ndiye aliyewahimiza wengine. Lazaro aliweka kalamu chini akajipapasa shingo.

"Mzee Wilson," alisema, na Tusekile akageuka kumtafuta aliyeitwa, "wewe ni raia wa Malawi uliyekaa hapa miaka arobaini na miwili bila kibali. Sitakuweka ndani leo. Umekuja mwenyewe na umri wako ninauona. Nitapiga simu Mbeya niombe maelekezo, na utakuwa unaripoti hapa kila mwezi."

"Sawa, bwana."

"Na fomu yangu?" aliuliza Tusekile. "Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa. Cheti changu unacho. Mama yangu ni wa hapa, babu yake ni wa hapa."

Lazaro alifungua kabati, akatoa kitabu chembamba cha sheria kilichochakaa, akasoma kimya, akarudi nyuma, akasoma tena. Hakuonekana kufurahia alichokiona.

"Mwalimu, umezaliwa mwaka gani?"

"Sitini na sita."

"Ulipozaliwa ulikuwa raia wa hapa, hilo halina ubishi. Lakini kwa upande wa baba ulikuwa raia wa kule pia. Sheria yetu haitaki mtu mzima mwenye nchi mbili. Ukifika miaka ishirini na mmoja unapewa mwaka mmoja wa kuukana ule mwingine kwa maandishi. Usipoukana, siku unapotimiza ishirini na miwili, wa hapa unakoma wenyewe."

"Nitaukanaje nisioujua?"

"Sheria haiulizi kama unajua."

"Kwa hiyo mimi ni raia wa Malawi?"

Lazaro alisita. "Nao kule, nisikudanganye, nasikia sheria yao inafanana na yetu. Hukuukana wa hapa, basi huenda na wa kule umekoma. Itabidi waseme wenyewe."

"Basi mimi ni wa wapi?"

Nje mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mnyororo ukilia. Walimsikia mpaka akapita.

"Kwa karatasi," alisema Lazaro, "kwa leo, sina pa kukuandika."

Tusekile alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu, kirefu na chembamba, mpaka baba yake akamshika bega na yeye akautoa mkono ule begani kama mtu anavyotoa mdudu. Miaka saba. Kwa miaka saba alikuwa amesimama mbele ya watoto wa Masoko kila asubuhi akiwaongoza kuimba wimbo wa taifa, na muda wote ule hakuwa na taifa.

Mdogo wake Amoni, aliyekuwa anapima kahawa kwa mnunuzi mmoja binafsi, alisikia habari jioni. Alikuwa na miaka ishirini. Tusekile alimweleza alichosema Lazaro: yeye bado ana muda, aende akaukane uraia wa kule kwa maandishi na mambo yake yatakwisha.

"Kwa hiyo nyumba hii yote Mtanzania ni mimi peke yangu?" alisema Amoni, akitaka kufanya mzaha. Alitazama uso wa dada yake, kisha wa baba yake, kisha wa shangazi Tupokigwe aliyekuwa ameketi mlangoni na kanga usoni. Akatoka nje akakaa kwenye gogo.

*

Barua ilifika shuleni wiki ya tatu. Ajira ya ualimu serikalini ni ya raia, kwa hiyo Mwalimu Tusekile asimame kazi mpaka suala lake liamuliwe. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili kwa sauti kana kwamba kwa kurudia ingebadilika. Nafasi ya Ulaya ilikwenda Isongole. Oktoba watu walipopanga foleni kupiga kura, kura za kwanza za vyama vingi kwa wengi wao, Tusekile alibaki shambani akipalilia. Alisikia ngoma za kampeni zimekoma, akajua leo ndiyo leo.

Kwa majuma mengi hakuzungumza na baba yake zaidi ya maji yamechemka, chakula tayari. Siku moja ikamtoka wakiwa wanaanika kahawa.

"Ungeapa tu! Miaka arobaini umeitikia jina la mtu. Siku moja zaidi ingekugharimu nini? Leo ningekuwa Ulaya."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mzee aliendelea kutandaza kahawa kwa viganja. "Jina nililipewa na mama. Niliitika kwa sababu yeye ndiye aliniita. Kule mahakamani hakuna aliyeniita. Nilitakiwa nijiite mwenyewe, na mkono juu ya Kitabu. Mdomo ulikataa, mwanangu. Niliusukuma ukakataa."

Tusekile aliinama. Aliokota kahawa zilizomwagika, akaingia ndani.

Shangazi Tupokigwe ndiye aliyefanya jambo. Yeye aliyekataa kuapa mwanzoni alivaa viatu vya kanisani, akaenda Tukuyu kwa hakimu Felista, akala kiapo cha kweli: kwamba siku ile alikuwepo, kwamba kaka yake alikufa, kwamba mama yake alimpokea huyu mwingine akijua, na kwamba tangu hapo ameishi nao bila kumuibia mtu wala kumpiga mtu. Aliweka dole gumba kwenye kila ukurasa. Lazaro alisema maombi ya uraia ya Tusekile yanaweza kupelekwa Dar es Salaam, yenye kiapo kile ndani, lakini kumebaki kitu kimoja. Mzee alisema ni mtu wa kule. Nani wa kule anathibitisha?

*

Walivuka Septemba ya mwaka uliofuata, kwa barua ya Lazaro, maana ndipo goti la mzee lilipopata nafuu. Mto Songwe ulikuwa umepungua, mchanga uko wazi. Tusekile alitegemea kuona tofauti. Aliona migomba ileile, paa zilezile, wanawake wakisalimiana kwa maneno yaleyale, ugonile, ndaga. Kilichomshangaza ni kwamba hakukuwa na kitu cha kushangaza.

Kijijini, karibu na Kaporo, walielekezwa kwa mzee Anyosisye Mwenifumbo. Walimkuta anasuka mkeka chini ya paa la banda lake.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi Wilson. Kaka yako."

Mzee yule aliinuka. Mkeka ulidondoka. Aliwatazama kwa macho ya mtu aliyeona nyoka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ndani, akafunga mlango. Walisikia komeo.

"Wilson tulimlilia!" alipiga kelele kutoka ndani. "Matanga tulikaa, ng'ombe tulichinja! Nendeni!"

Baba yake Tusekile aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Hakubisha hodi. Jua lilisogea. Majirani wakaja, wakasimama mbali. Tusekile alimtazama baba yake, mtu ambaye ni marehemu pande zote mbili za mto kwa majina mawili, na kwa mara ya kwanza tangu Julai ile hasira yake ikakosa pa kushika.

Baada ya muda mrefu sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Kama wewe ni Wilson, mbwa wetu aliitwa nani?"

"Hatukuwa na mbwa," alijibu mzee. "Baba aliwakataza tangu dada yetu alipoumwa mguuni. Mguu wa kushoto."

Komeo likatoka. Wazee wawili walishikana, na kilio kilichotoka hakikuwa cha furaha wala cha huzuni. Watu waliokuwa mbali walirudi nyuma kidogo.

Binti wa Anyosisye alikuja na maji ya kunywa, na Tusekile alipoinua macho kupokea kikombe, alisahau kukishika. Alikuwa anajitazama. Paji lile la uso, mwanya uleule wa meno ya mbele. Yule binti naye alikuwa ameduwaa, kikombe kikimwaga maji katikati yao.

Walipelekwa kaburini kabla ya jua kushuka. Mama yao alikufa mwaka sabini na moja.

"Kila lori la wachimbaji likirudi alikwenda kukaa barabarani," alisema Anyosisye. "Tulipokaa matanga yeye hakukaa. Alisema hajaona mwili. Aliendelea kwenda barabarani hata malori yalipokoma."

Tusekile alipiga hesabu bila kutaka. Sabini na moja alikuwa na miaka mitano. Alikuwa Masoko, mgongoni kwa bibi, akila ndizi, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mahali alipokuwa ameketi mwanamke huyu akitazama malori. Alimgeukia baba yake. Alitaka kumuuliza, ulipataje usingizi? Lakini mzee alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa udongo, na swali lile likabaki kinywani mwake mpaka leo.

Mkuu wa kijiji aliandika barua, akagonga muhuri: Wilson Mwenifumbo amezaliwa hapa, alidhaniwa amekufa, amekutwa hai.

*

Majibu kutoka Dar es Salaam yalifika Machi mwaka tisini na saba. Mzee alipewa kibali cha kuishi nchini cha miaka miwili, kinachoweza kuhuishwa, kwa jina la Wilson. Watu wa Masoko waliendelea kumwita Ezron, naye aliitika. Ubalozi wa nyumba kumi aliuacha mwenyewe. Kuomba uraia alisema hataomba. Tusekile alikubaliwa uraia wa tajnisi, ule wa kuomba, ilibaki kiapo tu, na kiapo kililiwa mbele ya hakimu Felista.

Baba yake alimsindikiza, lakini chumbani hakuingia. Alisema atasubiri kwenye benchi. Kulikuwa na manyunyu. Ndani hapakuchukua muda. Karani alisoma, Tusekile akafuatisha, sauti yake ya kufundishia haikutetereka mahali popote isipokuwa kwenye neno moja, na hapo hakimu alimsubiri. Kisha muhuri, sahihi, na mkono wa pongezi. Angeweza kurudi darasani mwezi ujao.

Alipotoka, mzee aliinuka kwa shida akishikilia ukuta.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniapisha niwe mwaminifu kwa nchi."

"Hicho tu?"

Tusekile alikuwa anaikunja ile karatasi vizuri ili isilowe. "Na niukane uraia wowote mwingine nilio nao, au niliowahi kuwa nao."

"Ukasema?"

"Nimesema naukana."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akatazama barabara. Gari la mkaa lilipita, likawarushia tope, na wote wawili hawakusogea.

"Ilibidi," alisema mwishowe. "Wewe walau wamekuuliza. Mimi niliukana bila kuulizwa na mtu."

Tusekile alimshika mkono, maana ngazi zilikuwa zinateleza, wakashuka taratibu kwenda kutafuta pikapu ya kahawa inayorudi Masoko.